Hodi, Sinia na Kibaraza: Mazungumzo ya Mzee Aliyestaafu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wa chama chetu, Buyenzi, Bujumbura)



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Pili nawashukuru viongozi wa chama chetu walioniona nafaa kusimama mbele yenu, wakanipa niseme juu ya maisha ya mtu aliyestaafu. Msitazamie kwangu elimu ya dini, maana wenye elimu hiyo wamo humu ukumbini. Wala msitazamie siasa, maana miguu yangu haina tena nguvu za kuikimbia. Mimi nalikuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka arobaini, na kazi ya karani ni kuandika kilichoingia na kilichotoka, na kuuliza kilichopungua kimekwenda wapi. Kazi nimeiacha, lakini tabia ya kuuliza haijaniacha.

Ndugu zangu, watu wengi hudhani kustaafu ni kupumzika. Hapana. Kustaafu ni kupewa muda wa kuyaona mambo ambayo mtu aliyapita mbio alipokuwa akiwahi kazini. Zamani nalikunywa chai nimesimama. Sasa nakunywa nimeketi, nami naiona ladha yake. Nikirudi msikitini alfajiri huletewa chai ya tangawizi, nayo chai yenyewe ni ya nchi yetu, ya milima ya Teza au ya Rwegura. Nikiwa na nguvu huenda polepole hadi ufukweni, nikatazama milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa jinsi inavyobadilika rangi jua likipanda. Starehe hii haina kiingilio, wala sijaona mtu aliyegombana na mwenzake kwa ajili yake.

Starehe yangu ya pili ni kwenda soko la Ruvumera kuuliza bei ya ndagala, hata siku nisiyokuwa na nia ya kununua. Wauzaji wananijua, na baadhi yao hunicheka. Walakini bei ya ndagala ina elimu ndani yake. Mwajua ya kuwa wavuvi wetu huvua usiku kwa taa: hapo kale kwa karabai, siku hizi kwa taa za betri. Ndagala huifuata taa palipo na giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haina tena cha kumwonyesha samaki, na samaki hutawanyika. Basi mwezi ukikaribia kuwa mpevu ndagala huadimika na bei hupanda. Mwezi ukififia samaki hurudi na bei hushuka. Kwa hiyo mimi huweza kukisia tarehe ya mwezi wa Kiislamu kwa kuuliza bei sokoni. Mjukuu wangu mmoja ana simu yenye kalenda ya mwezi. Mwaka mmoja tulishindana kuhesabu siku za Shaabani, yeye kwa simu, mimi kwa ndagala, tukapishana siku moja tu. Nani aliyepata sitasema, maana masheikh wananitazama, na habari za kuandama kwa mwezi zina mabishano yake.

Starehe yangu ya tatu ni kuzungumza kwa simu na dada yangu aliyeolewa Kigoma. Ziwa letu ni moja na jua letu ni moja, lakini saa zao zimetutangulia kwa saa nzima. Nikisema hapa ni saa mbili asubuhi, yeye husema saa tatu imekwisha gonga. Jambo hili limetupa mabishano miaka mingi, nami humwambia kwamba ndiyo sababu amezeeka upesi kuliko mimi. Naye hujibu kwamba ndiyo sababu mimi nimechelewa katika kila jambo.

Basi hayo ndiyo maisha ya mstaafu: chai, ndagala na mabishano na dada. Lakini mtu mwenye nafasi ya kuketi hupata pia nafasi ya kufikiri, na mwenye kufikiri hupata maoni, na mzee mwenye maoni, mwajua wenyewe, ni mzigo kwa jamaa zake.

Wajukuu wangu huniita mtu wa kale. Sikasiriki. Mimi kweli napenda mambo ya kale, walakini sipendi kila la kale kwa kuwa ni la kale. Nimezaliwa mwaka 1950, mji huu ukiitwa Usumbura, chini ya utawala wa Wabelgiji. Mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, na Waafrika mahali pao. Mtu akinambia zamani kulikuwa kuzuri kuliko leo, mimi humuuliza, "Zamani ya nani?" Hali kadhalika naliona wasichana wenye akili kali kuliko zangu wakiachishwa masomo kwa kuwa ati jiko halihitaji cheti. Mambo hayo yalipoanza kuondoka sikuyalilia, wala sitaki yarudi.

Kuhifadhi jambo nalijifunza kwa meli. Wengi wenu mwaijua Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaunganishwa na kuteremshwa ziwani mwaka 1915, nayo wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani walipoona Kigoma inatekwa, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walizipaka mitambo yake grisi kwanza. Ikakaa chini ya maji miaka. Ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua watu na mizigo katika ziwa letu kwa miaka mingi mno. Sisi makarani wa bandarini tuliisimulia habari ile kila mwaka kwa vijana wapya. Wale mafundi hawakuweza kuizuia meli isizame. Walichoweza ni kuhakikisha ya kwamba siku itakapoinuliwa, mitambo yake itazunguka. Nami naona mtu wa kale mwenye akili ni yule anayepaka grisi. Hawezi kuyazuia majira, lakini hutazama ni kitu gani kitakachohitajiwa tena.

Basi, katika yale niliyoyarithi, ni yapi ninayoyapaka grisi? Nimehesabu nikapata matatu: hodi, sinia na kibaraza. Mtanicheka kwamba hayo ni mambo ya jikoni na mlangoni. Naomba mnisikilize kwanza.

Hodi twaijua sote. Mtu akifika mlangoni hupiga hodi, akangoja. Asipojibiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu. Na asipojibiwa ya tatu hurudi zake bila kununa. Adabu hii yatufundisha kwamba mlango wa mwenzako una heshima hata ukiwa wazi. Siku hizi watoto wangu hufikia kwa simu. Simu nayo ni mlango. Nimewaambia: nipigieni mara tatu, nisipoitika jueni nasali au nimelala, msinipigie mara kumi na tano kama nyumba inaungua. Tena mtu akinipigia akaanza, "Baba, ule ufunguo uko wapi?" mimi hujibu, "Alaykumu salaam." Basi hukumbuka, akaanza upya. Binti yangu aliyeko Brussels hufuata adabu hii kuliko ndugu zake walio hapa mjini, na naona ni kwa sababu aliye mbali ndiye ajuaye thamani ya kukaribishwa.

Sinia nalo twalijua. Watu wanane hukaa kulizunguka, kila mmoja hula kilicho mbele yake, wala hatumi mkono wake upande wa mwenziwe. Mkubwa ndiye amegaye samaki, naye akiwa na haya hubakiza kipande kizuri upande wa mtoto. Aliyeshiba mapema hukaa kidogo, asimwaibishe mwenye njaa. Mtoto aliyelelewa katika sinia amejifunza hesabu ya kugawa kabla ya kuingia shuleni. Maradhi ya mwaka 2020 yalipofika tulitengana kila mtu na sahani yake, na ilikuwa sawa, maana kulinda nafsi ni wajibu. Lakini maradhi yalipopungua, sahani zilibaki. Leo katika nyumba nyingi baba hula usiku, mama hula amesimama, na kijana huchukua sahani yake akaenda nayo chumbani kula pamoja na simu.

Na kibaraza, ndilo benchi la saruji mbele ya nyumba, ambalo halina mlango wala kiingilio. Apitaye hukaa. Akichoka huondoka. Haulizwi ametoka kilima gani.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokusudia kufika. Maana Buyenzi haikujengwa na watu wa ukoo mmoja. Babu zetu walitoka Ujiji, Manyema, pwani, Kongo, na katika vilima vya Burundi yenyewe. Wengine walikuja na biashara, wengine walikuja na mizigo ya wengine vichwani mwao, na historia haifai kuficha jambo hilo. Walikuja mjini wasio na shamba, wasio na mtemi, wasio na mjomba wa kuwasemea. Wenye nchi wakawaita Waswahili, na neno lenyewe mara nyingine lilitamkwa kwa dharau, kama kwamba maana yake ni mjanja asiye na kwao. Wabelgiji wakawapimia mtaa, wakauchorea avenyu zenye nambari badala ya majina. Hata nambari haikuwapa undugu. Undugu walijifanyia wenyewe. Na vifaa vyao vilikuwa ni vipi? Hawakuwa na fedha wala jeshi. Walikuwa na msikiti, lugha moja, na adabu hizi tatu: hodi iliyompa kila mtu heshima ya mlango wake, sinia lililomfanya mgeni kuwa mwenyeji, na kibaraza kilichomjulisha jirani kwa jirani.

Watu walioungana namna hiyo waliweza kufanya mambo makubwa. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, alipoanza mwaka 1957 kuwakusanya wafanyabiashara wa Kiafrika katika vyama vya ushirika, na kisha alipokitafutia chama chake cha UPRONA wafuasi mjini, Waislamu wa mtaa huu walikuwa katika watu wa mbele kumuunga mkono. Baba yangu aliniambia kwamba siri ya jambo lile ilikuwa kibaraza: habari iliyosemwa avenyu ya kwanza baada ya Alasiri ilikuwa imekwisha fika avenyu ya mwisho kabla ya Magharibi, bila karatasi wala redio. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilishinda viti 58 katika 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule akauawa. Mimi nalikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikaona kwa mara ya kwanza wanaume wazima wamekaa kibarazani kwetu wasiseme neno. Uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962, yeye akiwa kaburini Vugizo.

Kisha yalikuja majaribu makubwa kuliko hayo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mji wetu uligawanyika mtaa kwa mtaa, hata mtu akawa haulizwi jina lake, aulizwa anakaa wapi. Sitaki kuwadanganya kwa kusema Buyenzi ilisalimika. Machi 1995 moto uliingia Bwiza ukaingia na kwetu. Wako waliouawa, na wako waliokimbilia Zaire, kama ilivyoitwa Kongo wakati ule, ambao hawakurudi tena. Lakini wazee mliomo humu mwajua lililofanyika katika nyumba nyingi za mtaa huu. Watu walifichwa, nao walifichwa na majirani wasiokuwa wa kabila lao. Nami nimejiuliza mara nyingi, kwa nini? Ushujaa hauwezi kugawiwa mtaa mzima kwa usiku mmoja. Naona jibu ni hili: ni vigumu mno kumtoa mtu uliyekula naye sinia moja kwa miaka ishirini. Mkono wenyewe hukataa.

Sasa nitawapeleka nyumbani kwangu, maana hoja isiyofika nyumbani ni maneno matupu.

Nyumba yangu, kama nyumba nyingi za Buyenzi, sasa ina thamani ambayo baba yangu hakuiota. Tangu soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walihamia sehemu nyingine za mji, na Buyenzi yenye Ruvumera, mafundi wake wa magari na washonaji wake, imezidi kutafutwa. Kila ukuta unaotazama barabara watamaniwa. Mwanangu mkubwa, ambaye huuza vipuri, alinijia kwa adabu, akapiga hodi, akaketi, akasema: "Baba, kibaraza hiki na sebule ya mbele vyatosha milango mitatu ya duka. Kodi ya mlango mmoja kwa mwezi yazidi pensheni yako. Petroli hupatikana kwa taabu, bei zapanda, na wajukuu wako wanatakiwa karo. Sisi twakalia fedha."

Ndugu zangu, mwanangu hakusema upuuzi. Mtu akitaka kumjibu kijana, ampe kwanza haki yake. Ni kweli tunakalia fedha. Ni kweli vilevile kwamba karo haikubali kulipwa kwa hadithi za zamani. Nikitazama avenyu yetu, katika nyumba kumi nilizozijua zina vibaraza nikiwa kijana, nyingi sasa zina milango ya chuma, na wenyewe wamepata riziki ya halali. Siwalaumu.

Lakini naliuliza swali la karani: kilichopungua kimekwenda wapi? Vibaraza vilipoondoka, kazi yake imechukuliwa na nani? Vijana wetu sasa huketi wapi pamoja na wazee? Mgeni aliyehamia juzi ajulikana na nani? Duka huuza, na mwenye duka ana haki ya kumwondoa asiyenunua. Nami nikamwambia mwanangu: "Nionyeshe kinachofanya kazi ya kibaraza, nami nitakivunja kwa mkono wangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, vijana siku hizi wana makundi yao katika simu." Nikamjibu, "Makundi hayo nayasikia, nawe wanisomea vichekesho vyake, nami hucheka. Lakini kundi la simu huingizwa mtu anayejulikana tayari. Kibaraza huwajulisha wasiojuana."

Hapo mama watoto alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Akatoka, akasema neno ambalo mimi, kwa miaka yote ya kukaa mbele ya nyumba, sikuwahi kulisikia likisemwa. Akasema: "Ninyi wanaume mwagombania kibaraza. Usiku ule wa Machi kibaraza kilikuwa kitupu. Nyote mlikuwa mmejifungia. Watoto wa jirani hawakupita mbele. Walipita nyuma, kwa kilango cha uani, kutoka ua hadi ua, mkononi mwa wanawake, hata wakavuka avenyu mbili. Na vilango hivyo sasa vyajengwa kuta, nanyi hamwandiki hotuba."

Mwenyekiti, maneno hayo ni kweli tupu, na kwa kuwa leo naandika hotuba, nimeyatia ndani yake. Vilango vile vya uani vilitobolewa na bibi zetu ili kuazimana moto, chumvi na kinu. Hakuna aliyevikusudia kuwa njia ya kuokoa roho. Lakini siku ilipofika, njia ilikuwa imekwisha fanywa laini kwa miguu ya miaka mingi. Hayo ndiyo nisemayo juu ya mambo madogo: hujui ni lipi litakalobeba mzigo mkubwa, na siku ya kulihitaji hakuna nafasi ya kulijenga.

Basi nimekata shauri hili, nalisema mbele yenu ili muwe mashahidi. Chumba cha wageni kilicho upande wa uchochoro nimewapa watoto wakifanye duka, na kodi yake iwe ya karo ya wajukuu. Kibaraza cha mbele na kilango cha uani vitabaki. Tena, kwa kuwa mimi si wa kukaa milele, na sheria yetu imempa kila mrithi fungu lake, naogopa ya kwamba siku ya kugawa, kila mmoja atataka fungu lake limfikie ukutani. Mwenye mali ana ruhusa kuusia asiyekuwa mrithi hadi thuluthi ya mali yake, na yu hai anaweza kuweka wakfu. Nimewaomba masheikh wanielekeze namna ya kuweka kipande kile kidogo kuwa wakfu wa majirani, na nitawaendea watu wa hati za ardhi. Mwanangu mkubwa aliuliza, "Baba, watu huweka wakfu misikiti, visima na mashamba, wakfu wa benchi la saruji umeusikia wapi?" Swali lake ni zuri, na jibu nawaachia wenye elimu. Yeye mwenyewe yumo humu ukumbini, na usoni naona hajaridhika. Ana haki ya kutoridhika, maana atakayepungukiwa fedha ni yeye. Namshukuru kwamba alinibishia nikiwa hai, wala hakungoja kuyabomoa nikiwa kaburini.

Sasa niwageukie wazee wenzangu kwa neno moja. Tukitaka vijana waje vibarazani, yatupasa tuwe watu wa kukaliwa karibu. Kibaraza chenye karipio hukimbiwa. Kijana akikaa dakika moja tumeanza nywele zake, dakika ya pili suruali yake, dakika ya tatu tumefika harusi ya rafiki yake iliyopigwa muziki hadi usiku wa manane. Mimi nami sipendi harusi zinazokopesha watu deni la miaka miwili kwa furaha ya siku mbili, na nitalisema neno hilo hadi nife. Lakini nalisema baada ya kumuuliza kijana habari za kazi yake na kumpa chai.

Tena tukubali kufundishwa. Tangu Burundi iingie katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimeingia shuleni kwetu, na watoto wa vilimani husoma lugha ambayo zamani ilituletea dharau. Mjukuu wangu mdogo sasa hunisahihisha. Juzi aliniambia, "Babu, sivyo inavyoandikwa." Nikamjibu, "Mwanangu, chako ni Kiswahili cha darasani, changu ni cha bandarini. Maadamu vyote viwili vyamfikisha mtu nyumbani, tusigombane." Akacheka, akaketi, akanisomea ukurasa mzima wa kitabu chake. Nami nikaona ya kwamba kusahihishwa na mjukuu ni katika starehe ambazo pensheni haizitaji.

Na ninyi vijana, siwaombi mrudi katika maisha yetu. Maisha yetu yalikuwa magumu, nanyi mna yenu. Nawaomba jambo moja tu: kabla ya kukiondoa kitu mlichokikuta, ulizeni kilikuwa kikifanya kazi gani, na ni nani atakayeifanya kesho. Mkipata jibu, kiondoeni kwa amani. Msipopata jibu, kiacheni mwaka mmoja zaidi.

Mwisho, Mwenyekiti, nakiomba chama chetu mambo matatu ambayo hayahitaji mchango wa fedha. La kwanza, vijana wetu wapite avenyu kwa avenyu waandike vibaraza na vilango vya uani vilivyobaki, maana kisichoandikwa hakiulizwi kikipotea. La pili, kila nyumba iweze japo siku moja katika juma, na Ijumaa ndiyo bora, kula sinia moja, na pawe na nafasi ya mtu mmoja ambaye si wa nyumba hiyo. La tatu, kila mwenye kujenga ukuta aende kwanza kupiga hodi kwa jirani yake, amwambie, "Nataka kujenga," asikilize atakaloambiwa.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, waliofungua milango yao katika usiku ambao kufungua mlango kulikuwa hatari. Aupe mji wetu amani, na ziwa letu samaki, na watoto wetu riziki ya halali.